Mahindi Uliyopanda Mwenyewe

Mama,

Siku ya kukuzika tulilaani mvua. Viatu vilinasa kwa matope, hema likavuja, na mjomba aliyetoka Kabuchai akateleza, akaanguka mbele ya mchungaji. Ungecheka mpaka ushike mbavu. Nani angejua mvua ilikuwa karibu kutuacha?

Hapa Saboti, mahindi uliyopanda mwenyewe kabla ugonjwa haujakulaza yalifika magotini. Nikafanya ulivyonifundisha: "Ikifika kwa magoti weka mbolea, usingoje mtu." Niliweka shina kwa shina, huku nalia. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Kumbe mvua ndiyo hiyo imeenda! Jua likawaka, upepo mkavu ukaingia, mbolea ikachoma mizizi badala ya kuilisha. Ghafla hivyo, mama. Zamani kiangazi tulikiona kikija, tukajipanga. Hiki kilitukuta tukiwa bado tumevaa sweta za baridi ya mvua. Wiki chache tu, majani yakajikunja yote. Mjomba anasema hata kwao Kabuchai miwa inakauka ikiwa imesimama.

Ng'ombe wako walianza kulia. Nyasi hakuna, hata za kununua Kitale nilikosa. Nikamwambia baba tukate mahindi yakiwa bado na maji kidogo, tuwape. Akakataa katakata. "Hiyo ni ya mama yako. Hakuna mtu ataguza." Kila asubuhi alizunguka shambani akishika majani kama anayepima mtoto homa. Nilimkasirikia, mama, sitakuficha. Ati tuzike na ng'ombe pia?

Jana yule ng'ombe wako mweupe alilala, akashindwa kuinuka. Baba alimtazama, akachukua panga, akaanza kukata laini ya kwanza ya mahindi. Mimi nikabeba. Tulikata mpaka shamba likabaki wazi. Mweupe alikula, na jioni akasimama. Baba akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akaniambia, "Mwandikie mama yako. Mwambie ililiwa, haikukauka bure."

Basi nimekuambia. Pumzika, mama yangu. Mvua ikirudi nitapanda mbegu ya kukomaa haraka, na baba hatalala njaa nikiwa hai, hilo nakuahidi. Lakini roho inaniuma. Mahindi ya mwisho ya mikono yako, na hatukuonja hata hindi moja.