Gari Ambalo Baba Alilipima kwa Masikio

Kibera, upande wa Olympic,
S.L.P. 40318,
Nairobi.
Tarehe 24 Machi, 1981.

Mpendwa ndugu yangu Murunga,

Salamu kwako, kwa wifi yangu Aoko na kwa watoto wote wawili. Hamjambo huko Lusaka? Kile kifua cha mdogo kimepona? Barua yako ya mwisho ilituacha roho juu, na tangu hapo tunamtaja katika maombi kila Jumapili. Sisi ni wazima wa mwili. Mama kule Kimilili ni mzima pia, juzi ametutumia maharagwe kwa watu wa basi. Mvua zimeanza, na matope ya Kibera unayajua, sina haja ya kukueleza.

Hicho kitabu chekundu kilichodondoka ulipofungua bahasha ni leseni ya Baba. Usishtuke, Baba hajafa. Nitafika hapo. Uniache kwanza nikupe habari za gari, kwa sababu ndizo ulizoniuliza, na kwa sababu nikianza na leseni nitalia na karatasi itaharibika.

Uliandika kwamba Baba ameendesha magari ya watu kwa miaka thelathini na moja, na sasa ni zamu yake. Ukasema tukutafutie gari dogo lililotumika, lisilokula petroli sana, la kutembelea kila siku na la kumfikisha nyumbani. Murunga, laiti ungemwona nilipomsomea maneno hayo! Aliniambia niyasome tena. Tangu siku hiyo amekuwa na neno moja tu mdomoni, Pasaka. Pasaka atafika Kimilili kwa gari lake mwenyewe, apige honi langoni, Mama atoke. Na Mama unamjua. Amekwisha kukatisha ua na kusogeza nguzo za lango hatua mbili, ili gari lisikwaruzwe.

Gari tulilipata Kawangware kwa Muigai, mzee mwenye ploti za kupangisha, ambaye siku hizi anatumia pikapu kubebea mawe ya kujengea. Ni Datsun 1200 ya rangi ya maziwa, ya mwaka wa sabini na tatu. Mimi ni fundi wa cherehani, gari kwangu ni milango na viti, kwa hiyo haya nitakayokuambia ni ya Baba.

Jumamosi ya kwanza, tarehe kumi na nne, Baba hakuliendesha. Alimwambia Muigai kwamba siku ya kwanza mwenye gari ndiye huendesha, ili mnunuzi ajue linavyotendewa kwake. Niliona hiyo ni busara ya dereva mkongwe. Akaanza kulizunguka akilipapasa, kama mimi ninavyopapasa kitambaa kutafuta kasoro. Alipofika mlango wa nyuma wa kushoto akagonga bati kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema hapa pamewahi kugongwa pakanyooshwa. Muigai akakubali, aliugonga mwenyewe kwenye lango lake. Baba akachomoa kijiti cha oili, akaisugua kati ya vidole, akainusa. Injini ilipowashwa, akasimamisha senti kumi wima juu yake, apime kama inatetemeka.

"Imesimama?" akaniuliza.

"Imesimama, Baba."

"Sasa soma hiyo namba ya maili, mama, nijue kama karo yangu ilienda bure."

Nikasoma huku nikicheka. Elfu hamsini na sita na kitu. Muigai alikuwa ameshika kiuno kwa mshangao.

"Huyu mzee wenu ni moto," akasema. "Mimi sijawai ona mtu ananunua gari na masikio."

Tulicheka sote watatu, na Baba ndiye aliyecheka zaidi.

Kisha wakajaza tangi mpaka mdomoni, Muigai akashika usukani, Baba akakaa kando yake, wakaenda Ngong na kurudi, mara mbili. Baba bado anahesabu kwa maili na galoni, hizi kilomita na lita anasema ni za watoto wa shule. Zilikuwa maili arobaini na nne, na walipojaza tena, tangi likapokea galoni moja na kidogo tu. Kwa jinsi petroli ilivyopanda tangu mwaka juzi, Baba alisema gari hilo lina adabu ya mgeni, linaonja tu. Spea zake zinapatikana kila mahali, na hata fundi wa Kimilili anaweza kulifungua. Ubaya wake ni kwamba tumbo liko chini, hivyo mvua ikinyesha barabara ya nyumbani itataka upole. Watu wanne wanakaa vizuri. Ukiongeza gunia la mahindi, mmoja ashuke.

Hayo ndiyo uliyotaka kujua. Ningependa barua yangu iishie hapa.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Baba kuliendesha. Alivaa lile koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, ameving'arisha. Nikakaa mbele kushoto kwake, Muigai nyuma. Ilikuwa asubuhi mapema na barabara haikuwa na magari mengi. Murunga, aliendesha vizuri! Gia zilikuwa zikiingia bila sauti. Tukateremka mpaka Dagoretti Corner, akasimama, akashusha kioo, akainua sikio kidogo, kisha akaingia Ngong Road kama mtu anayeingia chumbani kwake. Niliona midomo yake ikicheza. Nikadhani anamshukuru Mungu, na mimi nikamshukuru pamoja naye. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu kama nilivyojivunia pale.

Tulipokata kuja Olympic, karibu kabisa na kwetu, kulikuwa na mtaro uliochimbwa jana yake wa kupitisha bomba, na udongo umelundikwa barabarani. Kavoi, yule mwuza maji, alikuwa ameelekeza mkokoteni wake katikati kuukwepa. Alikuwa mbele yetu peupe, jua limempiga kifuani, anapunga mkono. Baba hakupunguza mwendo. Nilisubiri akanyage breki, kwa sababu yeye ndiye dereva, nami ni nani wa kumwambia. Nikasubiri mno.

"Mzee! Mkokoteni!" Muigai alipaza sauti.

Baba alikanyaga breki papo hapo, lakini pua ya gari ilikwisha kuusukuma mkokoteni. Madebe yakaanguka, Kavoi akarukia mtaroni. Mungu ni mwema, hakuumia. Alitoka na matope tu, akipiga kelele.

"Mzee, si nimepunga mkono? Si uliniona?"

Baba alishuka. Akavua kofia, akanyoosha mkono, akaanza kuomba msamaha kwa adabu yake yote, ndugu yangu nimekosa, ndugu yangu nisamehe. Lakini Kavoi alikuwa amekwenda upande wa pili kuokota madebe yake. Baba alikuwa akiuomba msamaha mkokoteni.

Kavoi akaliweka debe chini. Ule mkono wa Baba ulibaki hewani unangoja kushikwa. Nilishuka nikaushika mimi.

Muigai ndiye aliyeturudisha mlangoni. Nilipotaka kumwomba radhi kuhusu taa iliyovunjika aliniambia ni kioo tu, niingie nimpikie mzee chai.

Baba aliniambia yote akiwa ameketi kitandani, koti bado mwilini. Ni miaka miwili na zaidi sasa. Jicho la kushoto lilianza, la kulia likafuata. Anaona mwanga, na basi likipita anaona kwamba kitu kikubwa kimepita, lakini mtu hamwoni. Daktari wa macho alimwambia kilichokwenda hakirudi. Unakumbuka alivyotuambia kwamba yule bosi wa Lavington alimpumzisha kwa sababu ya umri? Si kweli. Aliacha mwenyewe. Siku moja alikuwa akirudi nyuma uani akasikia mbwa akilia chini ya gurudumu. Alipozima injini akasikia sauti za wale watoto wa bosi, hatua mbili kutoka hapo. Jioni ile ile akarudisha ufunguo, akasema mkewe ni mgonjwa.

Na unajua alivyoweza kuliendesha gari kutoka Kawangware Jumamosi ile? Kwa wiki tatu, tangu tuliposikia habari za gari hilo, alikuwa akitoka kila asubuhi kwa miguu, kutoka hapa mpaka kwa Muigai na kurudi. Mimi nilidhani ananyoosha miguu, hata nikamtania kwamba amepata mchumba Kawangware. Kumbe alikuwa akiikariri barabara. Kila kona, kila shimo, kila mahali lami inapobadilisha sauti, aliiweka kichwani kwa hesabu. Ile midomo haikuwa ikiomba, ilikuwa ikihesabu. Alijua njia yote isipokuwa mtaro uliochimbwa Ijumaa.

Ninajilaumu, Murunga. Unakumbuka tulivyokuwa tukishindana naye kutia uzi kwenye sindano, na daima alinishinda? Ni zaidi ya mwaka hajagusa sindano yangu. Anasema kazi za wanawake amewaachia wanawake. Magazeti nayo ananipa nimsomee, eti anataka kusikia sauti yangu. Nilikuwa nikifurahi! Naona mshono uliokosea hatua tatu kutoka hapa, na sikuona kwamba baba yangu haoni.

Nimekukasirikia na wewe, niseme wazi. Miaka sita hujakanyaga hapa. Unatuma vitambaa, unatuma fedha, na sasa gari. Kama ungekuja hata mara moja ungemnyooshea mkono, na ungejua kabla ya mkokoteni kujua.

Tangu Jumamosi sikumwambia neno. Kwetu binti hamnyang'anyi baba yake usukani. Hilo ni neno la mtoto wa kwanza wa kiume, na mtoto wa kwanza yuko Lusaka. Nilipanga kukuandikia ili wewe umwandikie yeye, halafu nikakumbuka kwamba barua hiyo ningemsomea mimi. Nikacheka peke yangu cherehani ikizunguka, kisha nikalia mpaka mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Jana mchana aliniokoa mwenyewe. Aliniita nije na kalamu.

"Andikia Murunga," akasema. "Mwambie gari imepita. Injini nzima, bodi nzima, petroli hainywi. Anunue. Dereva ndiye ameanguka mtihani."

Kisha akaitoa leseni mfuko wa ndani wa koti. Ameilipia upya Januari, unaweza kuamini? Akaifungua kwenye picha, akaipitisha kidole, akaniuliza kama bado anaonekana. Ile picha imefifia, Murunga, imebaki kola na sikio moja. Nikamwambia anaonekana vizuri sana, kijana kabisa. Akatabasamu. Akasema niitie kwenye bahasha ikae kwako, mbali, kwa sababu ikibaki hapa ataishika kila asubuhi na siku moja atatoka nayo.

Nilidhani amemaliza. Lakini akaanza kunitajia njia ya nyumbani, Limuru, Naivasha, Gilgil, Nakuru, akapanda Timboroa na ukungu wake, akashuka Eldoret, akapita Turbo na Webuye, kila mteremko na gia yake, mpaka kwenye mti uliopinda kabla ya lango letu. Hapo akanyoosha mkono kana kwamba anapiga honi, akaurudisha mapajani.

"Njia sihitaji kuiona," akasema. "Nahitaji mtu wa kushika usukani. Nitakaa kushoto, nimwambie."

Basi, ndugu yangu, uamuzi ni wako. Muigai amesema gari halitatoka kwenye ploti yake mpaka asikie neno kutoka kwako, na taa amekwisha kuibadilisha bila kuniuliza. Mimi sijui kuendesha, na hata ningejua, si mimi anayemngoja. Mama hajaambiwa lolote. Wapita njia wakiona lile lango wanamuuliza gari litafika lini, naye anawajibu, Pasaka, mzee analileta mwenyewe.

Msalimie sana wifi Aoko na uwabusu watoto. Jirani yangu Filister anakusalimu, na Kavoi pia, ambaye sasa kila asubuhi anamletea Baba debe moja, akifika anamshika mkono kwanza ndipo anasema habari ya asubuhi. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na awafungulie njia.

Hiyo leseni usiirudishe kwa posta. Ilete mwenyewe.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akiwa na hasira,
Nanyama