Ufa Juu ya Mlango

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kusema. Kwenye picha uliyonitumia umependeza, gauni limekukaa. Ila nyuma yako, juu ya mlango wa nyumba mpya, kuna ufa. Wewe unasema fundi alilipua rangi tu, na umeshamtangaza mtaa mzima. Mama, kazi yangu huku ni kupima zege. Juzi nimekataa nguzo kwa ufa mwembamba kama unywele. Tafadhali, rudi ulale nyumba ya zamani mpaka nije, ruhusa nimeshaomba.

Na fundi usimseme tena. Nondo za linta, ile zege ya juu ya mlango, zilipopungua, ni mimi niliyemwambia aendelee hivyo hivyo, ili uhamie kabla ya mvua.

Mwanao,
unayemwita Injinia