Maganda kwenye Bustani ya Mchicha

Mkumbi, Jumanne jioni

Katika jaribio langu, maganda ya kahawa niliyoyachovya kwenye asidi yalifanya kazi. Yalinasa madini ya risasi kutoka kwenye maji machafu ya betri. Kisha nikayaacha uani kwenye ndoo isiyo na maandishi, kana kwamba naishi peke yangu.

Mama Festo, mwenye nyumba wangu, akayatandaza kwenye bustani yake ya mchicha. Huku maganda ya kahawa hurudishwa shambani kuwa mbolea. Ningejua, kama ningekuwa naongea naye.

Leo amepiga hodi, mtu wa kwanza tangu nihamie, ameshika bakuli la mchicha. "Nimekuletea wewe kwanza, mwanangu. Yale maganda yako ya kwenye ndoo ndiyo yameustawisha."

Nikamweleza kuwa una sumu. Tukaung'oa mchicha wote bustanini.

Bakuli lake bado liko mezani kwangu. Bakuli la jirani halirudishwi tupu, nami sina cha kuweka.