Ulimi wa Mama

Dada yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa wazazi, kwenye meza ya jikoni, na harufu ya kitunguu saumu imeganda vidoleni mwangu. Sisi hatujambo, ukiacha goti la Baba, ambalo halijawahi kuwa zima tangu tulifahamu. Natumaini kifua chako kimetulia, shemeji anaendelea na kazi, na wapwa zangu hawajamaliza viatu vingine.

Barua yako niliipata. Ulisema soseji alizokutumia Mama safari hii zilikuwa kali hata shemeji akainuka mezani kukimbilia bomba, na kwamba mwanao mdogo alilia kabla hajameza. Ukauliza kama Mama ana kinyongo nawe kwa kuwa mwaka huu hukuja. Ukaniomba nisimuulize, nichunguze tu. Nimechunguza.

Jumamosi tulitengeneza nyingine. Mama alikwenda mwenyewe kwa muuza nyama, akachagua paja la ng'ombe na mafuta kiasi, akakirudisha kipande kimoja akisema hakuja kununua kano. Mashine ya kusagia ilifungwa ukingoni mwa meza kama kawaida. Baba alizungusha mpini, na bado anadai kwamba utamu wote unatoka kwenye mkono wake. Mama alimjibu kwamba kama ni hivyo basi aoshe na utumbo. Baba akakumbuka goti lake.

Wifi yako aliukosha utumbo kwa chumvi na maji ya ndimu. Mama alikaanga giligilani na bizari nyembamba kwenye kikaango kikavu, akatwanga pamoja na pilipili manga, akachanganya na ile nyama ya kusaga kwa mikono miwili. Mpaka hapo sikuona kasoro. Nilichoona ni kwamba wakati wa kukaanga viungo aliinamisha sikio juu ya kikaango, si pua. Nilidhani anamsikiliza Baba.

Sheria ya jikoni hii unaijua: hakuna nyama inayoingia kwenye utumbo kabla donge moja dogo halijakaangwa na Mama akalionja. Safari hii alilikaanga, akampa jirani mshonaji aliyekuja kuazima pasi. Mshonaji akasema tamu, mama, tamu sana. Angesema nini, na mwenye jiko amesimama mbele yake na mwiko? Donge la pili akapewa Baba, naye akasema tamu. Baba ukimchemshia kandambili atasema tamu. La tatu akapewa wifi yako, na mkwe gani atamwambia mama mkwe wake vingine? Akaapa kwamba hajawahi kula kitu kama kile, na hapo hakusema uongo.

La nne likanifikia mimi. Halikuwa na chumvi hata chembe. Nikasema hivyo. Wifi yako alinikanyaga mguu, na mshonaji akaikumbuka pasi yake akaondoka.

Mama hakukasirika. Alifuta mikono, akaniambia nimsaidie kuanua nguo. Kule uani, kwenye kamba ambayo haikuwa na nguo hata moja, akanieleza kwamba tangu yale mafua makali hanusi kitu, wala ulimi haumwambii kitu. Kitunguu kikiungua yeye anajua kwa mlio. Maziwa yakichacha hajui kabisa. Alikwenda kwa daktari peke yake, akimwambia Baba anakwenda msibani. Daktari alimwambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema tukijua tutamwondoa jikoni tumweke sebuleni kama kabati, na kila atakayepita amfute vumbi.

Nikamuuliza kuhusu soseji zako. Akacheka kidogo, kisha akaacha. Anasema siku ile alipokuwa akitengeneza za kwako hakuwa na mtu wa kumwonjesha. Alionja donge, kimya. Akaongeza bizari, kimya. Chumvi aliogopa kuizidisha. Ndipo akatia pilipili, na pilipili ikamjibu. Akaongeza, ikamjibu zaidi. Alikaanga donge jingine akalila amesimama, machozi yakimtoka, kwa sababu hicho ndicho chakula cha kwanza alichokihisi mdomoni tangu augue. Akasema hizi ndizo za binti yangu.

Basi hana kinyongo, Dada. Alikutumia kilicho bora kuliko vyote alivyoonja.

Sasa lazima nikiri jambo. Alinikataza nisikwambie. Alisema utaacha kazi zako uje kulia. Alitaka nimwahidi, mimi nikakohoa, naye akakichukua kile kikohozi kuwa ndiyo. Nimekuandikia nikijua hivyo, na akigundua nitapokea ninachostahili.

Sababu yangu ni hii. Tulirudi ndani tukazimaliza: yeye anatia chumvi, mimi naonja, mpaka nikaridhika. Lakini zaidi ya chumvi mimi si kitu. Aliponiuliza kama giligilani imeimeza bizari, nilimkodolea macho tu. Akasema ulimi wangu ni wa kulambia stempu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia usoni, tena mbele ya wageni, kwamba karafuu imezidi. Alikuwa akikufukuza kwa mwiko, halafu akishafunga mlango anapunguza karafuu. Nilimwona mara nyingi.

Njoo, hata kwa siku chache. Ukifika, usilie na usimwambie apumzike. Lalamika kwa sauti kuhusu ile pilipili, useme umekuja kuhakikisha haitokei tena. Yeye atafoka kwamba huna adabu, kisha atakukaangia donge. Wewe onja, umwambie kilichopungua.

Wifi yako anakusalimu, na mshonaji pia, kwa mbali. Baba anakuuliza kama soseji zile kali zimebaki, maana hizi za Jumamosi anasema zimepoa mno. Wabusu wapwa zangu, mpe shemeji maji.

Nami ni yuleyule,
mdogo wako.