Mngurumo wa Nasimiyu

Nasimiyu,

Omena iko kwa sufuria. Funika vizuri, paka asiguse.

Asubuhi uliniambia Jumamosi shule zote zitaimba pamoja uwanjani Busia. Nikasema, haya, niimbie. Ukanguruma tu huko chini, eti hiyo ndiyo sauti ya pili. Huo si wimbo! Nikajua ni kisingizio, kuna kijana wa malori hapa Malaba.

~~Jumamosi huendi mahali.~~

Sasa hivi nimewasikia kisimani, Fridah wa jirani akiimba juu, wewe chini. Kumbe sauti zenu zinashikana. Nimesimama na kikapu kichwani mpaka mkamaliza.

Lakini kuimba kunataka mafuta yangu ya nywele kwa nini?

Jumamosi nakuja. Hata watoto wajae uwanja, nitatafuta huo mngurumo wako. Ole wako nisiusikie.

Mama yako