Gari Limemwambia Mama Mkwe

Ingvild, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Jana gari lilijisasisha, eti maboresho. Nilikuwa nimeizuia simu yangu isijiunganishe na spika zake. Limeiunganisha tena, bila hata kuniuliza!

Leo asubuhi tunaenda nyumba ya mlimani. Nikaliwasha gari kwa simu lipate joto, mama mkwe Gudveig akatangulia kukaa humo. Mimi jikoni namimina kahawa kwenye chupa, nafungua ujumbe wako wa sauti. Kimya. Nafungua tena. Kimya!

Kumbe unasikika garini. Mara mbili! “Gudveig mpelekeni nyumba ya wazee kwanza, ile ya mlimani muiuze baadaye.”

Naingia garini, yeye anafunga mkanda taratibu.

“Endesha, mwanangu. Nikaiage nyumba yangu.”