Rangi Iliyopikwa mu Four

Ruashi, mwezi wa kumi 1984

Baba Nkandu wangu,

Tuko muzuri, mvua imeanza.

Nakuandikia juu ya zile jantes, rimu za gari, ulimuuzishia jirani Laurent, zile alisema mbele ya bantu kama ulizipakala rangi na pinceau, burashi ya mukono, kwa kufunika kutu. Ile haya ndiyo ilikupeleka Pweto kwa kaka yako, najua.

Jana Laurent alizipeleka kwa fundi, Tata Stanislas. Nilimufwata na mutoto wetu mu mugongo. Fundi akalowesha kitambaa na diluant, ile maji ya kutoa rangi, akapangusa kwa nguvu. Kitambaa kikabakia safi, rangi haikutoka!

"Mama, gusa huku mu kona," akasema. "Pinceau ingeacha matone. Hii iko sawa kila pahali, na ngozi kama ya chungwa. Ni poudre, rangi ya unga: inapulizwa juu ya chuma, kisha inapikwa mu four, mu tanuru ya moto. Ni kazi ya usine, ya kiwanda, haiko ya mukono."

"Inapikwa sawa mukate?"

"Sawa mukate, mama!"

Unga, mwenzangu! Unga unashika chuma mpaka unakuwa ngozi yake! Mungu aliwapa bantu akili ya namna gani?

Laurent akavua kofia. "Mama Nkandu, nilimuharibia bwana yako jina bure." Alipita kwa majirani wote kuwaambia vile, nilisikia na masikio yangu.

Kama ni ile haya tu ilikupeleka, imekwisha. Kama kuko sababu ingine, uniambie, sitakasirika.

Nkandu anatembea sasa. Kuya umuone mbele ya kuanza kukimbia.

Muke wako anayekungojea,
Marceline